Hoteli ndefu ipimwe mlangoni

Novemba 2025 hoteli ya Ciel ilianza kupokea wageni katika mtaa wa Dubai Marina, na vichwa vya habari vikarukia namba: mita 377, ghorofa 82, vyumba 1,004. Rekodi ya hoteli ndefu kuliko zote duniani ikaihama Gevora, yenye mita 356, iliyokuwa imeishika tangu 2018 na ambayo nayo imo Dubai hukohuko. Mitandaoni watu wakagawanyika kama kawaida yao. Wapo waliosifu, wakasema huo ndio mji unaojua unakokwenda. Wapo waliolaani, wakasema hizo ni fedha za kuchezea ilhali kuna watu hawana pa kulala. Nimefuatilia hoja za kambi zote mbili na naona zote zimeinua shingo, wakati jambo lenyewe liko chini. Urefu wa hoteli hautuambii karibu lolote kuhusu namna inavyoishi na mji ulioizunguka. Kinachotuambia ni hatua ambazo mtu asiye na chumba humo anaweza kupiga, kutoka barabarani kuelekea ndani, kabla hajasimamishwa na kuulizwa anataka nini. Hicho ni kipimo ambacho hakuna anayekiwekea rekodi, na kwa takriban miaka hamsini kimekuwa kikipungua katika majiji mengi makubwa, hata kwenye hoteli ambazo kwa ndani zilizidi kupendeza.

Tuanze na namba hizohizo, maana hata zenyewe husomwa vibaya. Kuna rekodi mbili zinazochanganywa. Moja ni ya jengo ambalo karibu lote ni hoteli, na humo ndimo Ciel na Gevora zinamoshindana. Nyingine ni ya hoteli iliyo juu zaidi kutoka ardhini, na hiyo haidai jengo zima. Ritz-Carlton ya Hong Kong, iliyofunguliwa 2011, imekaa ghorofa ya 102 hadi ya 118 juu ya mnara wa ofisi, kwa hiyo wageni wake hulala juu kuliko kilele cha Ciel. J Hotel ya Shanghai, iliyofunguliwa 2021, iko kwenye ghorofa za juu za Shanghai Tower, jengo la mita 632. Halafu kuna urefu wa kujionyesha tu. Mwaka 2013 baraza la kimataifa la majengo marefu, CTBUH, lilipiga hesabu ya sehemu za minara ambazo hazina sakafu ya kutumika, likakuta kwamba hoteli ya Burj Al Arab ya Dubai, yenye mita 321, asilimia 39 ya urefu wake ni umbo lisilo na chumba. Na anayeamini kwamba mita peke yake huleta wageni aitazame Ryugyong ya Pyongyang: mita 330, ghorofa 105, ujenzi ulianza 1987, na mpaka leo haijapokea mgeni hata mmoja. Urefu ni ishara ya uwezo wa kujenga. Maswali ya nani anaingia, anafika wapi na anafaidika vipi hayajibiwi na kipimo cha mita.

Ili kuelewa kilichobadilika inabidi kurudi nyuma kidogo, kabla ya lifti. Katika nyumba za ghorofa tano au sita za miji ya Ulaya na Marekani, chumba cha juu kabisa kilikuwa cha mtumishi au mpangaji asiye na fedha, kwa sababu ni yeye aliyelazimika kupanda ngazi. Mwaka 1857 Elisha Otis alifunga lifti ya abiria katika duka moja la Broadway, New York, na katika miongo michache iliyofuata mpangilio ule ukapinduka: walio nacho wakapanda juu. Lakini ghorofa ya chini ya hoteli haikupinduka kwa kasi hiyo. Tangu Tremont House ya Boston, 1829, inayohesabiwa na wengi kuwa hoteli ya kwanza ya kisasa, hoteli kubwa ya Marekani ilijengwa kuzunguka ukumbi wa chini ambao ulikuwa baraza ya mji. Wafanyabiashara walikutana humo, wanasiasa walipanga mambo yao humo, magazeti yalisomwa humo, na wakazi wa mji ambao hawakuwa na nia ya kulala hapo walikaa kwenye viti vilevile walivyokaa wasafiri. Haikuwa hisani. Ukumbi uliojaa watu uliuza vinywaji, uliuza chakula na zaidi ya yote uliuza jina, kwa sababu hoteli inayokaliwa na watu wa mjini ndiyo ambayo msafiri anataka kufikia.

Nisiupambe ukumbi ule kupita kiasi. Ulikuwa baraza ya baadhi ya watu tu. Wamarekani weusi walifungiwa mlango katika hoteli nyingi, kwa desturi na mahali pengine kwa sheria, mpaka Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Moteli moja katikati ya Atlanta, Heart of Atlanta, yenye vyumba 216, ilikwenda mahakamani kudai haki ya kuendelea kuwakataa, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani iliikatalia kwa kauli moja. Naitaja kesi hiyo kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mjadala wa leo umekisahau: swali la nani aingie hotelini liliwahi kuwa swali la umma, lililofikishwa kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi, na jibu likawa kwamba mwenye jengo haamui peke yake.

Miaka mitatu baadaye, katika Atlanta ileile, mbunifu John Portman alifungua Hyatt Regency iliyobadilisha sura ya hoteli za mjini kote duniani. Katikati yake aliacha uwazi wa ghorofa 22, akauzungushia korido zenye mimea inayoning'inia na akaweka lifti za vioo zinazopanda mbele ya macho ya watu. Waliokuwa wakiingia mara ya kwanza walisimama wakatazama juu, na ndivyo alivyotaka. Kwa ndani ilikuwa zawadi. Kwa nje, hoteli za namna hiyo mara nyingi ziliupa mtaa ukuta. Portman aliendelea na Westin Peachtree Plaza ya 1976, ghorofa 73, iliyokuwa hoteli ndefu kuliko zote duniani ilipofunguliwa, kisha Bonaventure ya Los Angeles yenye mitungi ya vioo vinavyorudisha taswira, ambayo milango yake iliwasumbua watu kuitafuta, kisha Renaissance Center ya Detroit, 1977, yenye hoteli ya ghorofa 73 katikati ya minara ya ofisi. Huyu hakuwa mtu aliyeichukia miji. Alikuwa anajenga katikati ya majiji wakati ambapo wenye fedha walikuwa wanayakimbia kwenda vitongojini, na aliwapa sababu ya kurudi. Ila sababu aliyowapa ilikuwa kwamba wangeweza kurudi katikati ya jiji bila kukanyaga jiji lenyewe: unaingia na gari, unapanda, unakula, unalala, unavuka daraja la ndani kwenda jengo la pili. Kule Detroit, upande unaotazama jiji, jengo lilikingwa kwa vilima viwili vya zege vilivyoficha mitambo, kando ya barabara kuu ya Jefferson. Baada ya General Motors kulinunua mwaka 1996, vilima hivyo vikabomolewa na jengo likapewa mlango unaoonekana. Mtengenezaji wa magari alielewa kitu ambacho mjenzi wa miji alikipuuza.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuondoa ukumbi wa chini kabisa. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani mapokezi ya hoteli yalipandishwa mawinguni kwa ajili ya mbwembwe tu, wakati chanzo chake ni hesabu kavu. Minara mipya ya katikati ya jiji huchanganya ofisi na hoteli. Ofisi hupenda sakafu pana, kwa kuwa karani anaweza kuwekwa mbali na dirisha na akafanya kazi. Mgeni wa hoteli hawezi kuuziwa chumba kisicho na dirisha. Minara mingi hupungua unene kadiri inavyopanda, kwa hiyo sakafu nene za chini hupewa ofisi na zile nyembamba za juu hupewa vyumba vinavyozunguka kiini cha jengo, yaani sehemu ya katikati inamopita lifti. Ofisi pia hudai lifti nyingi, maana watu wote hufika kwa wakati mmoja, na lifti hizo zikikomea katikati ya jengo, nafasi zilimokuwa zikipita hubaki tupu kuanzia hapo kwenda juu. Jin Mao ya Shanghai ilifanya ufundi kwa nafasi hiyo. Grand Hyatt iliyofunguliwa humo 1999, ghorofa ya 53 hadi ya 87, imekizunguka kiini cha zege ambacho chini kimejaa lifti za ofisi na juu kimeachwa wazi, hata ukiegemea kizuizi cha korido unatazama chini kwenye shimo la zaidi ya mita 100 lililopigwa duara za taa. Mara nyingi husimuliwa kama ndoto ya msanii. Ilikuwa pia njia nzuri ya kutumia nafasi ambayo isingetumika kwa lolote.

Ardhi ya barabarani nayo ni ghali, na duka hulipa kodi kubwa kuliko kochi la kukalia bure. Kwa hiyo hoteli hubakiwa na mlango mdogo chini na mapokezi juu: ghorofa ya 35 kwa Shangri-La iliyomo kwenye mnara wa The Shard, London, ya 41 kwa Park Hyatt ya Tokyo, ya 87 kwa Park Hyatt ya Shanghai, ya 103 kwa Ritz-Carlton ya Hong Kong. Kwa mwenye jengo hesabu imekaa sawa. Kwa mtu wa mtaani matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ukumbi wa zamani ulikuruhusu uingie bila kujieleza, uzunguke, uamue mwenyewe kama umepapenda, na kutoka. Mapokezi ya angani hayana njia ya kupitia kwa bahati. Lazima upande lifti, lifti ina mtu mbele yake au inataka kadi ya chumba, na kwa hiyo kila anayeingia analazimika kutangaza nia yake barabarani kabla hajaona chochote.

Niliwahi kukaa karibu na mlango wa hoteli ya namna hiyo, nikimsubiri mtu aliyechelewa, nikapata nafasi ya kutazama kazi ya mlinzi. Mwanamume wa suti aliyekuwa akiongea na simu alifunguliwa mlango bila kupunguza mwendo: "Karibu sana, bosi." Kijana wa fulana iliyochakaa naye alipita, nikashangaa, kisha nikagundua mlinzi alikuwa amemtazama viatu. Mama mmoja mwenye mfuko wa plastiki alisimamishwa kwa upole mkubwa: "Samahani mama, nikusaidie?" Mama yule hakujibu. Alitoa kadi ya chumba na kuionyesha. Mlinzi hakuwa mtu mbaya, na sidhani alifurahia. Alikuwa amepewa kazi ya kusoma watu kwa sekunde tatu, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa haki na mtu yeyote.

Sasa tuzipime hoja. Wanaozitetea hoteli hizi wana jambo la kweli wanaposema zinaufanya mji uishi usiku. Mtaa wa ofisi hufa jioni, hoteli haifungi. Taa zake zinawaka, watu wanatoka na kuingia, teksi zinasimama, na hilo huufanya mtaa uwe salama kwa kila anayepita. Ni kweli pia kwamba hoteli ya kifahari hutumia mikono mingi: wapishi, wafua nguo, mafundi wa lifti na viyoyozi, wasafisha vyumba, watu wa zamu ya usiku wa manane. Siidharau hoja hii hata kidogo. Lakini ina sharti lililojificha. Uhai huo huvuja kwenda mtaani ikiwa tu hoteli ina matundu ya kuvujia, yaani milango, mikahawa na viti vinavyotazama njia ya waendao kwa miguu. Renaissance Center ilikuwa na maelfu ya watu ndani, na wapangaji wengi wa ofisi zake walitoka kwenye majengo ya zamani ya katikati ya Detroit yaliyoachwa matupu. Watu walikuwepo, mtaa haukuwaona. Kwa hiyo anayedai kwamba mnara utaufufua mji anapaswa kuulizwa kwanza mchoro wa ghorofa ya chini, kisha ndipo ule wa kileleni usifiwe.

Wanaozilaani wana hoja ya pengo la utajiri, na kwa hisia naielewa. Kuna kitu kinachochoma katika kuona chumba cha usiku mmoja kinacholingana na kipato cha miezi cha anayekitandika. Ila kama hoja ya mipango miji haina miguu imara. Tajiri hatoweki mnara usipojengwa. Huenda kwenye kijiji cha anasa kilichozungushiwa ukuta, kinachomeza ekari za ufukwe na kuwafungia wavuvi njia ya kufikia maji. Ukilinganisha kwa ardhi inayonyang'anywa umma, mnara ni anasa yenye adabu: vyumba elfu moja kwenye kiwanja ambacho kingetosha nyumba chache za kifalme. Unaweza kufikiwa kwa treni na kwa miguu. Hata wafanyakazi wake, ambao husafiri usiku, wana nafasi ya kupata usafiri katikati ya jiji kuliko pwani ya mbali. Anayekerwa na anasa, kwa maoni yangu, angepaswa kuikubali minara na kupigania milango yake.

Hoja ya usalama ni nzito, na sitaki kuipita kwa haraka. Mwaka 2008 ulikuwa mbaya kwa hoteli: Septemba lori la mabomu lililipuliwa nje ya Marriott ya Islamabad, na Novemba washambuliaji waliingia Taj Mahal Palace na Oberoi Trident za Mumbai na kuua wageni na wafanyakazi. JW Marriott ya Jakarta ilishambuliwa 2003 na tena 2009. Baada ya hapo vizuizi vya magari, mashine za kukagua mizigo na milango ya kubaini chuma vikawa jambo la kawaida, na hakuna mwenye akili anayetaka viondolewe. Kosa linafanyika pale ukaguzi wa silaha unapogeuzwa kuwa ukaguzi wa hadhi. Mashine ya kukagua mfuko haijui bei ya mfuko. Inamkagua tajiri na maskini kwa sekunde zilezile, kisha inawaachia. Majumba ya makumbusho na mabunge hufanya hivyo kila siku na kupokea umma wote. Mlinzi anayesoma viatu hajaongeza usalama wowote; aliyekuja kwa nia mbaya ndiye wa kwanza kununua viatu vizuri.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayotolewa kwa kujiamini zaidi: kwamba mlango uko wazi kwa yeyote, nunua kahawa tu, na usipoimudu basi ile ni mali binafsi na mwenyewe ana haki ya kuchagua. Sehemu zake mbili zinapingana. Kama mlango uko wazi kwa yeyote, hakuna kuchagua; kama kuna kuchagua, mlango hauko wazi. Tena hiyo "mali binafsi" haikujengwa katikati ya utupu. Urefu wenyewe ni kibali kilichotolewa na mamlaka ya jiji, ambayo ingeweza kusema ghorofa ishirini basi. Barabara, maji, majitaka, zimamoto na kituo cha treni vinavyoifanya sehemu hiyo iwe na thamani vimelipiwa na wote. Sheria ya kimila ya Uingereza tangu zamani ilimbana mwenye nyumba ya wageni ampokee msafiri anayeweza kulipa, asimkatae bila sababu ya maana, tofauti na mwenye duka wa kawaida. Kufungua hoteli kumekuwa sikuzote kuingia katika shughuli yenye sura ya umma. Na kuhusu kahawa: kinachowazuia wengi si bei ya kikombe. Ni ile safari ya kutoka njia ya miguu mpaka kwenye kiti, chini ya macho yanayohoji, bila kujua unaruhusiwa kusimama wapi. (Wanaoijua siri hii huingia kwa kujiamini na kwenda moja kwa moja chooni. Katika majiji mengi hicho ndicho choo kisafi kuliko vyote, na nidhamu ya mwendo ndiyo tiketi yake.)

Kwa sababu hiyo sikerwi na tiketi kama wengine. Burj Al Arab, ambayo kwa miaka mingi ilizuia wasio na nafasi iliyowekwa wasivuke hata daraja lake, ilianza 2021 kuuza ziara za kuitembelea ndani. Kuna waliosema hoteli imejishusha. Mimi naona tiketi ina uungwana kuliko jicho la mlinzi: bei imeandikwa, ni ileile kwa kila mtu, na ukiilipa hakuna anayekuuliza tena umekuja kufanya nini. Tatizo lake ni kwamba inakugeuza mtalii katika mji wako mwenyewe, na kwamba inamwacha nje asiyeweza kuilipa.

Miji iliyotafuta suluhisho lisilo tiketi ipo. Mtaa wa Nishi-Shinjuku, Tokyo, unatoa mfano ninaoupenda, kwa kuwa mbunifu ni mmoja. Kenzo Tange alibuni Shinjuku Park Tower ya 1994, ambayo ghorofa zake za juu ni za Park Hyatt, na alibuni pia makao makuu ya serikali ya jiji, yaliyokamilika miaka michache kabla, umbali wa kutembea kwa miguu. Katika jengo la serikali, ghorofa ya 45, mita 202 kutoka ardhini, kuna ukumbi wa kutazamia jiji ambao ni bure. Mandhari ni yaleyale. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na senti Tokyo anaijua sura ya jiji lake kutoka juu, na hoteli haikufilisika kwa hilo, kwa sababu inachouza ni utulivu, huduma na kitanda. Anga haikuwa yake kamwe. London ilijaribu njia nyingine. Mnara wa 20 Fenchurch Street ulipewa kibali pamoja na ahadi ya bustani ya umma kileleni, na bustani hiyo ilifunguliwa Januari 2015. Kuingia ni bure, lakini unatakiwa kuweka nafasi mapema na kupita kwenye ukaguzi, na wakosoaji walilalamika kwamba kilichoahidiwa kama bustani kimefanana zaidi na mkahawa wenye miti. Wana haki ya kulalamika. Hata hivyo bustani yenye kasoro inaweza kudaiwa irekebishwe, isiyokuwepo haidaiwi.

New York ilitangulia wote, na ndiyo inayofundisha kwa nini ahadi hizi hulegea. Kanuni zake za 1961 ziliwapa wajenzi ruhusa ya kuongeza sakafu wakitoa uwanja wa umma chini ya jengo. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulihesabu maeneo 503 ya aina hiyo na kukuta kwamba sehemu kubwa, asilimia 41, yalikuwa na manufaa hafifu: hayana kivuli, hayana kiti, au yamewekewa miiba na vizuizi vya kumfukuza anayetaka kukaa. Mjenzi alichukua ghorofa zake za ziada siku ya kwanza, na ghorofa hazirudishwi. Umma ulibaki na karatasi. Jiji linalotoa kibali cha hoteli ndefu lingefanya vyema kuandika sharti kwa lugha ya vitu vinavyohesabika, kama idadi ya viti vinavyokalika bila kununua, upana wa mlango unaotazama njia ya miguu, saa za kufunguliwa na lifti ya umma isiyodai kadi, kisha kumpa mtu kazi ya kwenda kukagua kila mwaka.

Lipo swali gumu zaidi, la nani hasa atabanwa na sharti hilo. Jina lililo juu ya mlango mara nyingi si la mwenye jengo. Tangu Marriott ilipojigawa mwaka 1993, kampuni moja ikabaki na majengo na nyingine ikabaki na biashara ya kuendesha, kampuni nyingi kubwa zimefuata mkondo wa kumiliki majengo machache na kuuza jina na usimamizi. Tazama Waldorf Astoria ya New York, ghorofa 47, iliyokuwa hoteli ndefu kuliko zote duniani ilipofunguliwa 1931. Mwaka 2014 Hilton ilikubali kuiuza kwa Anbang, kampuni ya bima ya China, kwa dola bilioni 1.95, huku ikijiwekea mkataba wa kuiendesha kwa miaka 100. Machi 2017 ikafungwa kwa ukarabati. Mwaka uliofuata serikali ya China ikaichukua Anbang yenyewe. Hoteli ilipofunguliwa tena 2025, vyumba vya wageni vilikuwa 375 kutoka zaidi ya 1,400, na sehemu kubwa ya jengo ilikuwa imegeuzwa makazi ya kuuza. Machi ileile ya kufungwa, tume ya jiji inayohifadhi majengo ya kihistoria ilikuwa imeyapa kumbi zake za ndani ulinzi wa kisheria, kwa hiyo wamiliki walipopokezana, kumbi zilibaki. Sheria hiyo hulinda ndani ya jengo pale tu ambapo umma umezoea kufika. Ndicho kigezo chake. Lakini inachokilinda ni marumaru, michoro na mapambo. Haimlazimishi mwenye jengo kuendelea kuuruhusu umma huo ufike, na mwaka 2017, wakati kalamu ilikuwa mezani, hakuna aliyeandika sharti hilo.